Benchi la Sukari na Presha

Barua pepe ya kamati ilisema nitapigiwa kwa video siku ya Alhamisi, mchana. Nikaanza kulichunguza hilo neno mchana. Mchana wa wapi? Wao wako ng'ambo, jua lao na letu haliamki pamoja. Niliandika kuuliza, nikafuta, kwa hofu ya kuonekana mtu asiyeelewa maelekezo. Nikaandika tena kwa adabu zaidi, nikafuta tena. Mwishowe nikampigia msimamizi wangu aliyeko Morogoro mjini. Akanijibu huku anatafuna kitu, "Mchana wetu sisi. Wameandika hapo chini."

Kweli, walikuwa wameandika hapo chini.

Mwaka huo nilichoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Nilikuwa na ruzuku ndogo inayotolewa kwa watafiti chipukizi wa afya ya watoto na vijana. Ilikuwa ya mwaka mmoja. Kamati ikiridhika, ingenipa awamu ya pili, muda wa kutosha kuifanya kazi yenyewe badala ya kuianza tu. Isiporidhika, basi. Mlango mwingine sikuujua. Fedha za masomo ni za wanafunzi, nami si mwanafunzi tena. Fedha kubwa za utafiti ni za watu ambao tayari wamefanya utafiti mkubwa, na sijaelewa mpaka leo wao walianzia wapi.

Swali langu lilikuwa moja. Watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa baba na mama, siku hizi wengi wanakua. Wanakunywa dawa zao, wanakwenda kliniki ya watoto na mama zao, wanapimwa, wanapewa peremende na muuguzi. Kisha wanafika umri ambao kadi yao inahamishiwa kliniki ya watu wazima, na hapo wengi hawaonekani tena mpaka siku wanapoletwa wamebebwa, wanalia kwa maumivu ya mifupa. Kwa nini? Nilizunguka Kilosa mjini na Mikumi nikiuliza hilo tu. Nilikuwa naenda Mikumi kwa barabara ya vumbi inayopita kijiji cha Ulaya, na masika kwa barabara ya tope inayopita Ulaya. Kila mahali nilijibiwa maneno yaleyale: "Hakuna tatizo, dada. Nilisahau tu."

Ripoti yangu ya nusu mwaka ilirudi na sentensi moja ya kamati ambayo niliisoma hadi ikaacha kuwa na maana: mtafiti ameonyesha vizuri kwamba vijana wanaacha kuja, hajaonyesha kwa nini.

Nilikuwa naishi na mama yangu Mabwerebwere. Mbele ya nyumba ana genge la nyanya, vitunguu na dagaa, na wateja wake walinifuatilia kuliko hiyo kamati.

"Binti bado yuko kwenye mradi?"

"Bado," mama anajibu.

"Uleule?"

"Uleule."

Mteja anachagua nyanya. Nami ndani nafikiria ile "uleule" imesemwa kwa sauti gani. Mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi upande wa Chanzuru alishamwambia mama kanisani kwamba anahitaji mtu wa kufundisha baiolojia, na kwamba nikitaka niseme kabla muhula haujafunguliwa. Mama hakunisukuma. Aliniambia mara moja, akaendelea kuchambua dagaa. Asingenyamaza, ningepata cha kubishana nacho.

Sasa nimseme kijana wa Mikumi.

Mama yake anakaanga chipsi na mihogo barabara kuu, pale malori yanapoegeshwa. Nilipofika mara ya kwanza nilikuwa na begi la mgongoni, faili, na kitambulisho kikubwa shingoni ambacho niliona haya kukivaa na haya kukivua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama. "Wewe si binti wa yule mwenye genge Mabwerebwere? Huo uso naujua."

"Ndiyo, mama."

"Haa!" Akamgeukia mwanawe aliyekuwa anamenya viazi. "Njoo uone. Watani wetu wametuletea daktari."

"Mimi si daktari, mama. Ni mtafiti."

"Afadhali. Daktari wa kwenu angetutibu kwa magimbi."

Kabila lao na letu ni watani tangu zamani. Sisi ni watu wa milimani. Wao walikuja na mkonge. Babu ya huyu kijana alikata mkonge Rudewa mpaka shamba lilipokufa, na bibi yake alibaki kule hata wanawe walipohamia kwenye malori ya Mikumi. Bibi huyo na mama yangu walikuwa wakikutana mnadani wanatukanana kwa mapenzi mpaka watu wanaacha kununua ili wasikilize. Nilikua nikisikiliza hayo.

Kijana akaja anafuta mikono. Alikuwa amepita miaka kumi na nane, lakini mwili wake ulikuwa wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na macho yake yalikuwa na ule umanjano. Akanitazama kuanzia viatu.

"Sista, kaa basi. Nasikia nyie watu wa milimani mkifika tambarare mnaanguka. Hamjazoea ardhi isiyoegemea."

Mama yake akacheka. Utingo aliyekuwa anasubiri chipsi akacheka. Wote wakanigeukia, wakingoja.

Mimi nikatabasamu, nikafungua faili, nikasoma: "Ushiriki wako katika utafiti huu ni wa hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu."

Mtani akikurushia neno, unalirudisha. Ukilipokea ukaliweka chini, umemwambia kwamba hamjuani. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini pia nilikuwa nimefundishwa, na nimefaulu mitihani yake, kwamba anayeuliza asiwe ndugu wala jirani wa anayeulizwa. Nikajiuliza kama utani ni undugu. Nikajiuliza kama nikimjibu nitakuwa nimemshawishi, na kama nikimshawishi itabidi niiandikie kamati ya maadili. Nilipomaliza kujiuliza tulikuwa tumeshafika katikati ya dodoso na kijana alikuwa ananijibu kama anavyojibu askari wa barabarani.

"Kwa nini hukuhudhuria kliniki mwezi uliopita?"

"Nilisahau."

"Kuna tatizo lolote unalokutana nalo pale kliniki?"

"Hakuna."

Nilipoaga, mama yake alikuwa amenipa mgongo, anageuza mihogo. Baada ya hapo simu ya kijana ikawa inaita bila kupokelewa. Kliniki wakasema hajafika, wala mwezi uliofuata. Niliandika "mshiriki amepotea", maana ndivyo tunavyoandika, nikabaki nimeitazama ile sentensi. Hakuwa amepotea. Alikuwa Mikumi anamenya viazi, kila mtu anamwona.

Jioni ya kuamkia siku ya kamati, nilikuwa uani najisemesha kwa Kiingereza mbele ya ndoo iliyopinduliwa, mama akaja akakaa juu ya gunia la vitunguu.

"Mtani wangu wa Rudewa amekufa," akasema. "Yule bibi."

Nilimfikiria bibi, kisha nikamfikiria kijana, kisha nikaona aibu kwamba nilimfikiria kijana kama mshiriki.

"Kesho tunazika," mama akasema.

"Kesho ni Alhamisi, mama."

"Ndiyo, kesho ni Alhamisi."

"Nina kamati."

"Kamati imefiwa?"

"Haijafiwa."

"Basi itakusubiri. Aliyefiwa ndiye asiyesubiri."

Haikuwa rahisi hivyo, na nilijaribu kumweleza. Kwamba hiyo familia imo kwenye utafiti wangu. Kwamba nikienda msibani inaweza kuonekana namfuata kijana hadi kwenye majonzi yake. Kwamba nisipokwenda, mtani atakuwa amesusa msiba, na hilo kwetu ni kubwa kuliko kukosa harusi ya ndugu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama nitavaa kanga yake ya bluu au ile yenye maua.

Nikapanga hivi: tutazika asubuhi, mchana nitajitenga pale kwenye kiwanda cha mkonge cha zamani ambako mtandao unashika, nitaongea na kamati kwenye kishikwambi. Nilichaji. Nikachaji tena kilichokwisha kujaa. Asubuhi tukapanda pikipiki mbili, tukapita Chanzuru wakati watoto wanakwenda shule, ukungu bado uko juu ya mashamba ya mpunga.

Wanaomjua mama yangu kanisani wanamjua kama mwanamke wa sauti ya pili katika kwaya, anayekaa mwisho wa safu. Makaburini Rudewa alikuwa mtu mwingine. Alishavaa kilemba cha marehemu na kushika mkongojo wake, akawa anatembea kama bibi alivyokuwa akitembea, mguu mmoja unatangulia na mwingine unanung'unika. Mabinti wa marehemu walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Jeneza lilipofika, mama akakaa kwenye ukingo wa kaburi, miguu ndani.

"Hazikwi mtu hapa!" akapaza sauti. "Huyu bibi alinitukana mnadani mbele za watu. Nikamwambia, ngoja, nitakujibu Jumamosi. Ameona bora afe!"

"Mtoeni huyo!" wafiwa wakaitikia.

"Sitoki. Mwacheni aamke anisikilize kwanza."

Katekista alikuwa ameshaliona hilo mara nyingi. Alifunga kitabu, kidole kikiwa kimeshika ukurasa, akaegemea mwembe mchanga uliokuwa hapo na kusubiri. Mama wa yule kijana akaleta kuku jike, amemshika mabawa. Mama akamkagua kuku huyo kwa dharau, akasema amekonda kama waliomfuga, kisha akakubali kuondoka. Alipokuwa anainuka niliona mashavu yake yamelowa.

Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, begi kifuani. Mara likanitoka. Kijana alikuwa nyuma yangu. Alilivuta kwa mikanda yake taratibu tu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo, akalivaa yeye.

"Mkoba huu umefiwa," akatangaza. "Unabaki hapa kuomboleza."

"Tafadhali," nikasema chini kwa chini. "Nina kikao muda si mrefu."

"Kikao kije kiseme chenyewe."

"Kweli, ndani kuna kishikwambi. Ni mali ya mradi."

"Mmesikia? Mtani amekuja msibani na mradi!"

Wakacheka. Wakaanza kupiga makofi ya polepole. "Ukomboe! Sema neno! Ukomboe!" Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa anafungua kilemba cha marehemu, anakikunja vizuri, hanitazami.

Nilijua kinachotakiwa. Hakutaka kuku. Alitaka lile neno aliloningoja Mikumi, pale kwenye kikaango cha mama yake, nikamsomea hiari.

"Nyie wakata mkonge," nikaanza, na sauti yangu ikatoka nyembamba. Mtu akasema, "Ongeza!" Nikaongeza. "Babu yenu alikuja hapa na kamba mkononi. Akasema nakata kidogo narudi kwetu. Mpaka leo hamjajua kwenu ni upande gani! Na wewe mjukuu umerithi. Ulitoka nyumbani kwenda kliniki, njia moja, haina hata kona, ukapotea!"

Kabla kicheko hakijaisha, nikagundua nilichosema. Nilikuwa nimetaja kliniki. Mbele za watu. Kila mmoja pale alijua ugonjwa wake, wengi wao walikwisha kumbeba akizidiwa, lakini aliyetakiwa kufunga mdomo ni mimi, na nilisaini kwamba nitaufunga.

Kijana alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na alicheka ameshika ubavu, nikaogopa kwamba ameumia.

"Sikupotea, mtani! Nilifika!" Akawageukia wote, begi langu mgongoni. "Nilifika kliniki ya watu wazima. Ni siku moja na watu wa sukari na presha. Wazee watupu. Nikakaa kwenye benchi. Babu mmoja akasogea akanipisha, akaniuliza, mjukuu, umemleta nani? Nikamwambia nimejileta. Akasema, usiogope, sema tu, bibi yako yuko wapi? Wote wakawa wananitafutia bibi! Muuguzi akaita jina langu, nikainuka, wakasema kaa chini mtoto, ameitwa mtu mzima."

Watu walikuwa wamejishika matumbo.

"Nikasema basi, narudi kwa watoto. Kule vitoto vikaniamkia. Shikamoo mjomba! Kimoja kikaniomba nikipeleke chooni. Sasa mtani, wewe uliyesoma, niambie. Huku mtoto, kule mjomba. Nikae wapi? Dirishani?"

Akanivulia begi, akanipa.

Njiani kwenda kiwandani nilitembea haraka, kanga inanivuka. Kiwanda chenyewe ni kuta na chuma kilicholiwa na kutu. Mbuzi walikuwa kwenye kivuli chake. Nilisimama mahali ambapo mtandao ulishika, na kamati ikatokea, nyuso tatu, mmoja wao ameganda mdomo wazi. Walinisalimu vizuri. Nilisema yale niliyojizoeza mbele ya ndoo. Halafu mama mmoja mwenye nywele fupi, ambaye ndiye aliyeonekana ameisoma kweli ripoti yangu, akauliza lile swali lenyewe: vijana hawa, kwa nini wanaacha kuja?

Nilikuwa nalo. Mwaka mzima wa tope la Ulaya, na jibu lilikuwa bado lina joto mdomoni mwangu, lina benchi, lina babu, lina kitoto kinachoomba kupelekwa chooni. Hakuna dodoso lolote lililowahi kunipa kitu kama kile. Na nilijua kwamba nikilisema pale, ile sura ya mama yule itabadilika.

Lakini hakuniambia mimi mtafiti. Aliniambia mtani, kando ya kaburi la bibi yake, baada ya mimi kumlipa neno. Kama ningekwenda na kile kitu moja kwa moja kwa kamati ningekuwa nimekichukua msibani kama mtu anayeondoka na sufuria ya watu. Au pengine nilikuwa naogopa tu. Nimelifikiria sana hilo, na siku nyingine naamua hivi, siku nyingine vile.

Nikasema, "Nimeanza kujua. Lakini aliyeniambia hajaniruhusu bado, kwa hiyo leo siwezi kulisema."

Mmoja akasema mtandao haukuwa mzuri, ningeweza kurudia? Nilirudia. Kwa Kiingereza, mara ya pili, ilisikika kama kisingizio cha mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Mama mwenye nywele fupi akauliza ile sauti ya nyuma ni nini. Nikageuka. Ilikuwa ngoma na vigelegele kutoka msibani. "Ni mazishi," nikasema. Wakanipa pole, na pole yao ilikuwa ya kweli, kisha wakanishukuru kwa muda wangu.

Niliporudi, kijana alikuwa amekaa kwenye mkeka na sahani ya ubwabwa, amejifunika sweta ingawa jua lilikuwa kali. Nikakaa karibu yake.

"Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Kikao kimesemaje?"

"Kimesema asante."

"Hiyo si nzuri."

"Hapana." Nikakusanya maneno. "Yale uliyosema kule. Naweza kuyaandika? Bila jina lako. Unaweza kukataa."

Akala kijiko kimoja, taratibu. "Mtani, hivi wanakuitaje huko? Mtafiti nani?"

"Chipukizi."

"Na umri huo?" Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mpaka lini? Mpaka uote mvi?"

"Mpaka wanipe awamu ya pili."

"Basi wewe na mimi benchi letu moja." Akaweka kijiko chini. "Sikia. Mwezi ujao nitakwenda kliniki. Siku ya wale wazee. Wewe uje ukae na mimi. Ukishakaa, ndipo uniulize kama unaweza kuandika. Hiyo ndiyo bei ya mkoba."

"Nilishaukomboa."

"Uliukomboa kwa neno. Hujalipa ya Mikumi."

Nikamwambia nitakuja. Alinitaka niseme mbele ya mama yake, nikasema mbele ya mama yake. Nikamwamkia mama huyo, na safari hii akaniitikia marahaba kwa moyo wote, akanipa kipande cha nyama.

Jibu la kamati lilikuja nikiwa gengeni nimemshikia mama zamu. Walisema maombi yalikuwa mengi na mazuri. Walisema kazi yangu ina umuhimu. Walisikitika. Walinitia moyo niombe tena katika duru ijayo, ilimradi bado nitakuwa ndani ya miaka inayoruhusiwa tangu kuhitimu, na nilihesabu, ingawa sikuwa na haja ya kuhesabu, nitakuwa nje. Mteja akataka vitunguu. Nikampimia, nikamwongezea kimoja bila kukusudia.

Mama alirudi akaniona.

"Wamesemaje?"

"Wamesema kazi nzuri."

"Halafu?"

"Basi."

Akavua viatu, akakaa. Alianza kuzipanga nyanya upya, zile laini akazitoa mbele, ngumu akaziweka chini, kazi ambayo nilikuwa nimeshaifanya asubuhi. Baada ya muda akasema, "Yule mwalimu mkuu alikuwa kanisani." Nikasema nitampigia. Nilimpigia siku hiyohiyo. Alifurahi, akataka nianze wiki inayofuata, mwanzoni kabisa mwa wiki. Nikamwomba nianze Jumatano.

"Jumanne una nini?"

"Nina kliniki."

"Unaumwa?"

"Hapana. Namsindikiza mtu." Nikaona sijasema kweli, nikasema tena, "Nakaa na mtu."

Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayeanza kujiuliza kama amechagua vizuri.

Niliwaza sana kwenye basi la Mikumi. Kwamba sina tena ruhusa ya kuuliza chochote, utafiti umefungwa. Kwamba sina kitambulisho, nilikirudisha. Nilijaribu kupata sababu ya safari ambayo ningeweza kumwandikia mtu, sikuipata. Nilikuwa tu nadaiwa na mtani.

Kliniki ilikuwa imejaa. Benchi refu la mbao limeegemea ukuta, kanga na mikongojo, chupa za maji, mzee mmoja anasoma kadi yake kwa mbali na kwa karibu. Kijana alikuwa amefika. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa, nusu ya mwili iko hewani, kama mtu aliye tayari kuondoka. Aliponiona akasogea ndani kidogo. Nikakaa kwenye ule ukingo.

"Umechelewa, mtani. Mlishuka mlima kwa kutambaa?"

"Niliuliza njia kwa watu wa kwenu. Wakanipoteza."

Akaguna kwa kuridhika. Nje malori yalikuwa yanapunguza mwendo kwenye matuta, yanaunguruma, yanaendelea. Tulikaa. Nilikuwa nimesahau jinsi kukaa bila kuuliza kitu kunavyochosha, na jinsi kunavyopumzisha.

Babu aliyekuwa upande wake wa pili alimaliza kuichunguza kadi yake, akatugeukia.

"Shikamoo, babu," tukasema pamoja.

"Marahaba, wajukuu." Akamtazama kijana, kisha mimi, kisha kijana tena. "Mmemleta nani leo?"

Nilihisi kijana ameganda. Kisha akaninyooshea kidole.

"Nimemleta huyu, babu. Anaumwa utafiti."

"Utafiti?" Babu akanikagua kwa makini, na bibi mmoja mbele akageuka aone. "Unauma wapi?"

"Kila mahali, babu," nikasema.

"Hauna dawa?"

"Dawa ipo," kijana akasema. "Wamemnyima."

Babu akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akasema hata yeye mwezi uliopita aliambiwa dawa zimekwisha, njoo tena. Akaniambia nami nije tena. Kisha akasogea, wote kwenye benchi wakasogea, mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa ukuta, na kijana akapata mahali pa kuuweka mwili wake wote.

"Sasa unaweza kuandika," akaniambia chini chini.

"Hakuna tena wa kumwandikia. Walishafunga."

"Nimesema unaweza. Sikusema umwandikie nani."

Muuguzi akatoka, akaita jina lake. Akainuka, na hakuna aliyemwambia akae. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mtani! Nishikie nafasi."

Nikaweka begi langu mahali pake. Bibi mmoja aliyeingia wakati huo, anahema, mkongojo mkononi, akauliza kama pale pamekaa mtu. Nikamwamkia, nikasimama, nikampa mahali pangu mimi, na mkono nikauacha juu ya begi.

"Hapo, bibi, pana mtu," nikasema. "Yuko ndani kwa daktari."